Mawe Niliyoyaacha Kwenye Lami ya Bunda

Wewe unayesoma hapa nakuchukulia kama yule mtu ninayeweza kumvuta pembeni baada ya ibada, nikamwambia jambo, na kesho yake nisilikute sokoni. Nimekosa. Si kosa la bahati mbaya. Nimekosa nikijua, na nikaendelea kukosa huku nimevaa sare ya kwaya.

Mimi ni mama wa watoto wanne, miaka arobaini na kitu, naishi Mkolani, hapa Mwanza. Shule niliishia njiani, nikaja kumalizia masomo ya jioni nikiwa mtu mzima na mtoto mgongoni, kwa hiyo naandika kama ninavyoongea. Majina ya watu nimebadilisha. La kwangu sitoi.

Ilikuwa kiangazi. Mimi na mwenzangu wa kwaya, nitamwita Mama Neema, tulikuwa tunatoka harusini Musoma, tunarudi Mwanza na kigari cha mume wangu. Naendesha mimi. Na niseme ukweli, nilikuwa najisikia. Mwanamke wa Mkolani kuendesha hadi Musoma na kurudi, nani mwenzangu?

Ukishapita Bunda kuelekea Lamadi kuna kile kipande kinachopita ubavuni mwa hifadhi. Kushoto pori tupu. Kulia, mbali huko, ziwa linang'aa kama bati jipya, lakini ulipo wewe hata unyevu wa maji huusikii. Kiangazi nyasi zote zinakauka zinakuwa rangi ya mbwa. Hakuna nyumba, hakuna genge, hakuna mtu wa kumuuliza kitu. Ni nyani tu wamekaa pembeni ya lami wanakukagua kama trafiki.

Pale barabara inapoteremka kwenda darajani, tairi la nyuma likapasuka.

Ile pembetatu nyekundu ya kuweka barabarani hatukuwa nayo, mume wangu alimwazima mtu haikurudi. Basi tukafanya kama wanavyofanya wote. Tukakata matawi ya mgunga tukayapanga kwenye lami nyuma ya gari, tukayawekea mawe juu yasipeperuke. Mawe mengine makubwa tukayakingia magurudumu, gari lisituteremkie.

Nati za gurudumu zikatushinda. Tulikaa pale tunaimba pambio kwa hofu mpaka likaja lori la dagaa. Dereva akasimama. Baba wa makamo, shati limejaa grisi, ananuka dagaa na dizeli. Alitufungia tairi la akiba, hakutaka hata soda. Wakati anapanda lori lake akageuka akasema, "Mama zangu, hayo mawe msiyaache. Watu wanaishia kwenye hayo mawe."

Akaondoka. Jua lilikuwa limeshuka, linatupiga usoni kabisa. Nimeshawasha gari. Mama Neema akainama kushika jiwe la kwanza, akiwa na kitenge chake cha harusi, cha pinki.

Nikamwambia, "Acha bwana, utachafua nguo. Wenye magari wana macho."

Akasita. Akaniangalia. Akaliacha, akapanda. Mimi ndiye nilikuwa kiongozi wa wanawake kanisani, amezoea kunisikiliza.

Wenye magari wana macho. Hayo maneno yametoka kwenye mdomo huu huu ninaokulia chakula. Nikiyakumbuka natamani kutema mate.

Jumapili nikasimama kutoa ushuhuda. Nikasimulia tulivyokwama porini, tulivyoimba, Mungu alivyoleta msaada. Kanisa likasimama, akina mama wakapiga vigelegele. Nikarudi kukaa nimejaa sifa kama kibuyu cha maziwa.

Kabla watu hawajakaa vizuri, mzee wa kanisa akatangaza kwamba Baba Zawadi amepata ajali ya pikipiki huko njia ya Bunda, yuko hospitali, mguu umevunjika vibaya, tumwombee.

Huyu Baba Zawadi ni mwenzetu wa hapo hapo kanisani. Anauza mitumba minadani: leo Magu, kesho Lamadi, siku nyingine Bunda, marobota yamefungwa nyuma ya pikipiki. Zamani alikuwa mlevi, yule wa kulala mtaroni. Akaokoka, akaacha kabisa, mke akamrudia, watoto wakaanza kuvaa viatu. Kanisa zima tulikuwa tunamtolea mfano.

Tukaenda wanawake kumwona, na mimi ndiye nimetangulia mbele na uji. Mguu umening'inizwa, uso umechubuka. Wenzangu walipotoka nje akaanza kunieleza, taratibu, kama mtu aliyesimulia jambo hilo mara nyingi hakuna anayemsikia.

"Mama, jua lilikuwa machoni. Nimeshtukia mawe katikati ya lami, na matawi ya mgunga bado mabichi. Pale kabla ya daraja. Nani anaacha mawe pale?"

Yale matawi niliyakata mimi. Miba yake ilikuwa bado inaniuma kidoleni.

Unajua nilifanya nini? Niliweka mkono kwenye paji la uso wake, nikafumba macho, nikaomba. Niliomba kwa sauti, nikalia na machozi. Aliposema amina, alisema kwa moyo. Nikatoka pale najiona nimekuwa kitu cha kuokotwa kwa kijiti na kutupwa.

Na hayo yangeishia hapo ingekuwa nafuu.

Wale waliomwokota walikuwa wameshayasukuma mawe na matawi porini ili magari yapite. Kwa hiyo waliofika baadaye waliona lami safi, pikipiki imelala, nguo za mitumba zimetapakaa. Hakuna ng'ombe aliyegongwa, hakuna gari. Mtu mmoja akasema amejiangusha. Wa pili akakumbuka ni yule mlevi wa zamani. Wa tatu akasema pombe haiachwi, inapumzika tu. Wiki ile ile minada yote ilikuwa inajua kwamba yule mlokole wa Mkolani amerudia gongo.

Mkewe alikuja kuniuliza mimi, kama kiongozi wake. Alisema mume wake anaapa hakunywa, anasema habari za mawe, lakini zamani pia alikuwa anaapa, na zamani pia kulikuwa na hadithi. Afanyeje? Nikamwambia aombe, Mungu atamfunulia. Yaani nilimtuma kwa Mungu akaulize jibu nililokuwa nimelikalia! Akachukua watoto akaenda kwao Magu.

Kikao cha wazee wa kanisa kikaitishwa, na mimi nikiwemo. Wakajadili kumsimamisha asishiriki meza ya Bwana mpaka atubu ulevi. Mchungaji akauliza kama kuna mwenye neno. Nilikuwa nalo. Nikafikiria ule ushuhuda, vile vigelegele, nikafikiria watasema nini juu yangu na mume wangu. Nikasema tumwombee ndugu yetu. Wakaandika kwamba tumekubaliana asimamishwe.

Mama Neema alinisubiri nje ya geti. Alitaka twende wote tukaseme, nikamwambia asithubutu, ataliaibisha kanisa. Hakugombana na mimi. Aliniuliza tu, "Mwenzangu, hivi wewe usingizi unaupata?"

Nikampita. Tangu siku ile akahama kiti kwenye kwaya.

Sasa sikiliza uchafu wenyewe. Ule ushuhuda wangu ulipendwa. Nikaitwa huku na huku kuurudia, na kila nilipourudia niliongeza kitu. Lori nikaliacha. Dereva akawa mwanaume mwenye shati jeupe, hatukuona ametokea wapi wala ameishia wapi. Nikafika mahali nasema nadhani alikuwa malaika. Yule baba wa watu anayenuka dagaa! Niliongeza kila kitu, nikapunguza kimoja tu: lile neno alilotuambia wakati anapanda lori lake.

Mara ya mwisho ilikuwa semina ya wanawake Nansio, huko kisiwani. Niliusimulia nikiwa na kipaza sauti, akina mama wazima wakalia, bibi mmoja akaja kunishika miguu. Kunishika miguu mimi! Wakati wa kurudi, kwenye kivuko, ziwa limetulia kabisa, nikainama kwenye vyuma vya pembeni nikatapika mpaka ikatoka nyongo. Dada aliyekuwa karibu yangu akasema pole, ni mawimbi. Hakukuwa na wimbi hata moja.

Tulipofika Mwanza sikwenda nyumbani. Nilikwenda moja kwa moja kwa Baba Zawadi.

Nilimkuta kwenye kigoda mlangoni, gongo la kutembelea limeegemezwa ukutani, sufuria hazijaoshwa, inzi wamejaa. Ilikuwa asubuhi tu. Nilipiga magoti pale kwenye vumbi nikamwambia yote: tairi, matawi, Mama Neema, neno la dereva, na kikao. Sikuacha kitu.

Aliponisogelea ndipo harufu ikanifikia.

"Mama, mlinisema nimelewa mpaka nikaanza kujiuliza labda nilikunywa nikasahau," alisema. "Siku ile nilikuwa mkavu. Leo ndiyo nimelewa. Umechelewa kidogo."

Hakunitukana. Ningependa anitukane.

Nilikwenda kwa mchungaji siku hiyo hiyo, nikarudia mbele ya wazee, halafu mbele ya kanisa lote. Uongozi nimevuliwa, na ni haki. Mume wangu anakula chakula changu bila kuniangalia. Mama Neema alinisalimia mara moja tukiwa bombani, basi. Hayo nayabeba, sijaja kulilia hayo. Kila wiki nakwenda Magu kumbembeleza yule mama arudi. Ananisikiliza, ananipa maji ya kunywa, ananisindikiza hadi barabarani. Hajarudi. Nitaendelea kwenda. Kwa mumewe pia napita. Siku nyingine ananifungulia, siku nyingine namsikia yuko ndani na hafungui.

Wewe unayeendesha, ukipata pancha, usiwashe gari kabla hujarudi nyuma kuangalia ulichokiacha kwenye lami. Chafua nguo. Nguo inafuliwa. Na wewe unayepewa kipaza sauti kanisani, kama kwenye ushuhuda wako kuna neno unaloliruka kila mara, shuka hapo mbele, nenda kaseme hilo kwanza.

Nina ombi moja. Ule uongo ulitembea wenyewe, Magu, Lamadi, Bunda, hakuna aliyeutuma. Ukweli umetangazwa mara moja tu, Jumapili ya mvua, nusu ya viti vikiwa vitupu, na mwenyewe hakuwepo. Kwa hiyo nisaidie kuutembeza. Msomee jirani, uweke kwenye kundi lenu la simu, hasa kama mna ndugu wanaozunguka minada ya njia ile. Wakiuliza ni nani, sema hujui. Waambie tu yule muuza mitumba aliyeanguka kabla ya daraja, siku ile alikuwa hajaonja hata tone.