Sahihi Niliyomnyima Mwalimu Somoe

Siamini, na mchanga wa kaburi lake nimeumwaga kwa mikono yangu hii. Somoe, mwalimu mwenzangu wa Baiolojia hapa Kilwa Masoko, tumemzika jana baada ya adhuhuri.

Juzi lori la ufuta lilimgonga pale Nangurukuru, akiwa kwenye bodaboda anawahi basi la Lindi. Dereva wa boda amevunjika miguu yote miwili. Somoe aliburuzwa chini ya matairi hadi ng'ambo ya barabara.

Mnaoniuliza inbox alifuata nini Lindi siku ya kazi, nawajibu hapa hapa. Mkimaliza kusoma, anayetaka kuni-unfollow ruksa.

Mimi ndiye HOD, mkuu wa idara ya Baiolojia. Somoe alikuwa akiniita "bucha" mbele ya staff room nzima, nami nacheka, maana nilijiona fundi kwelikweli.

Mwaka huu tulikuwa na practical ya kupasua sungura. Dawa ya kumlaza ilikuwa imebaki kidogo, nikasema itatosha tu.

Haikutosha. Sungura alizinduka ubaoni, miguu imebanwa kwa pini, tumbo liko wazi. Kama hujawahi kumsikia sungura akilia, mshukuru Mungu. Analia kama kichanga.

Nilimkaba shingo nikamaliza kazi, damu ikanirukia hadi kwenye miwani. Binti mmoja akazimia, akajigonga kwenye sinki na kupasuka juu ya jicho. Mimi nikafoka, "Endeleeni kuchora!"

Somoe alimbeba yule binti mgongoni hadi zahanati. Akarudi na damu kwenye ushungi.

"Kaka, mtoto asiyetaka hii kitu aachwe," akaniambia. "Apewe mchoro, apewe mfano wa udongo, ajibu maswali yale yale. Wewe utapungukiwa nini?"

Nikamwambia aache kudekeza watoto.

Wiki iliyofuata ikawa zamu ya kundi la Mwanahawa, wa Form Three. Niliagiza waje na sungura hai. Mwanahawa akaja na wake kwenye ndoo, ameshachinjwa. Alikuwa amempelekea babu yake, sungura akaelekezwa kibla, akasomewa bismillahi, kisu kikapita.

"Mwalimu, sikutaka afe kibudu," akasema. "Na sikutaka alie kama yule."

Yaani mtoto wa watu alidhani amefanya jambo jema. Mimi nikaona mishipa ya shingo yote imekatwa, damu imeisha, specimen imeharibika. Nikachukua fimbo.

Sikuhesabu. Nilimpiga mgongoni, nikampiga mikononi, alipoanguka nikahamia miguuni. Ya mwisho ilitua kwenye mkono wa Somoe, aliyejitupa katikati yetu. Niliusikia mfupa ukivunjika.

"Piga tena," akasema, amekunja uso kwa maumivu. "Ukimaliza, wafundishe ini liko wapi."

Alifungwa hogo la plasta mkononi wiki sita. Waliomuuliza aliwaambia ameteleza bafuni. Hakunishtaki popote, na mimi, aibu ilioje, nikaona nimepona.

Kwa mkono uliobaki akaandika barua: mwanafunzi anayekataa kupasua mnyama, kwa dini au kwa huruma tu, asilazimishwe wala asinyimwe alama. Ilitakiwa sahihi ya HOD, ndipo mkuu wa shule aitume mkoani.

Kila asubuhi aliiweka mezani kwangu. Kila asubuhi niliweka kikombe cha chai juu yake. Nilijua nikisaini, nitakuwa nimekiri nilichomfanyia yule mtoto.

Practical nyingine ilipangwa leo. Juzi Somoe akachoka kuningoja, akaichukua barua bila sahihi yangu, akaamua kuipeleka mwenyewe mkoani, Lindi. Safari hiyo ndiyo iliyomuua. Ningesaini, angekuwa hai, na hilo hakuna wa kunifariji nalo.

Mochwari, ndugu zake walinituma niingie mimi, eti nimezoea. Jamani! Kifua kilikuwa kimebonyea, na ule mkono niliouvunja ulikuwa umegeukia mgongoni. Nilitapika mlangoni.

Daktari akasema inabidi apasuliwe kuthibitisha chanzo cha kifo. Mjomba wake akawa anatikisa kichwa kukataa. Nikashtukia ni mimi ninayepiga kelele:

"Asipasuliwe! Asiguswe na kisu! Chanzo si mnakiona?"

Daktari akaenda kuongea na polisi, kisha akatuletea karatasi ya kukataa. Mjomba akasaini, nami nikasaini kama shahidi. Sahihi hiyo sikuichelewesha, sikutafuta hata pa kuketi.

Nikatoka pale nikaenda shuleni, nikaisaini nakala ya barua yake iliyobaki ofisini. Nilikuwa nalia mbele ya mkuu wa shule na sikujali.

Jana msibani Mwanahawa alikuja na wenzake. "Shikamoo, mwalimu." Badala ya marahaba, nikamwomba msamaha mbele yao wote, nikampa ile nakala aisome.

Akaisoma yote, taratibu, hadi kwenye jina langu.

"Mimi nimekusamehe, mwalimu," akasema. "Yeye ndiye hutaweza tena kumwomba."

Somoe, dada yangu, barua yako imeondoka asubuhi hii. Sijui mkoani watajibu nini. Lakini lab ile, maadamu nipo, hakuna mtoto atakayelazimishwa kushika kisu. Leo tisa wamekataa, nikawapa karatasi na penseli, wakachora.

Nimechelewa, najua. Lala, Somoe. Hakuna aliyekupasua.