Inchi Tatu Alizozinyamazia Fundi

Saa tatu asubuhi, wodi ya watoto. Akina mama wanane wameketi kando ya vitanda, na katikati yao mwanamume mmoja, miwani imemshukia puani, anashonea vifungo shati la mteja. Dripu ya dawa ya saratani inaingia taratibu mkononi mwa binti yake wa miaka saba. Kichwani mtoto hana hata unywele, ila mdomo uko palepale.

"Baba, hicho kifungo umekiweka upande."

"Sawa, Bosi."

Anakifumua kweli.

Akina mama humtania kwa kumwita Mama Mwenye Ndevu, naye huitika. Mkewe, mpishi wa shule, hulala hapa usiku. Yeye hupokea zamu asubuhi. Cherehani yake iko dukani, imefunikwa shuka. Zamani alimaliza sare tano kwa siku. Sasa ni kazi za mkono tu, vifungo na mapindo, na zikifika mbili anashukuru Mungu.

Ukimtazama utasema huyu ndiye baba. Anajua kushika beseni mtoto anapotapika, anajua kumbembeleza mpaka vijiko vitatu vya uji vishuke. Lakini mtoto anaposinzia, fundi anaweka sindano chini na kumwambia mwandishi wa gazeti hili jambo ambalo hajamwambia mtu.

Mwaka ulipoanza alimpima binti yake sare ya shule. Kiuno kilikuwa inchi ishirini na moja, akaandika kwenye daftari lake la vipimo. Baada ya miezi miwili gauni likabana. Akafumua mishono, akaachia hadi ishirini na mbili na nusu. Likabana tena, akafika ishirini na nne. Urefu wa gauni haukuongezeka hata robo inchi, mabega vilevile.

"Angekuwa mtoto wa mteja ningemwambia mama yake, hapa pana kitu," anasema. "Lakini huyu ni wangu. Nikaona ananawiri. Nikalipiga kofi lile tumbo, nikacheka, nikamwita Bosi."

Jina likashika. Sasa wodi nzima inamwita hivyo, hata wauguzi, na mwenyewe hakubali jingine. Kila likitamkwa, baba yake anainamia kitambaa.

Mkewe ndiye aliyeona damu kwenye mkojo wa mtoto. Daktari akakuta uvimbe kwenye figo, tena mkubwa. Akasema watatanguliza dawa ili usinyae, kisha upasuaji, ambao sasa umepangwa mwezi ujao. Kupona kunawezekana, akasema, ila wangewahi ingekuwa nafuu zaidi.

"Mama yake alilia palepale: 'Mimi ndiye ninayemwogesha! Macho yangu yalikuwa wapi?' Nami nikamshika bega, nikanyamaza. Fikiria. Nikanyamaza!"

Ni wiki ya sita sasa. Kila jioni wakipokezana zamu, mama huuliza swali lilelile, na fundi hukunja kazi zake na kwenda nyumbani.

"Anabeba mzigo wangu huku ninamwangalia," anasema, na machozi hayafichi. "Wanasema majuto ni mjukuu. Yangu mimi yamekua humuhumu nyumbani, tunakula nayo sahani moja."

Mwandishi anamuuliza kama angependa habari ya vipimo isiandikwe. Fundi anamtazama Bosi, aliyelala mdomo wazi, kisha anafuta miwani kwa ncha ya shati la mteja.

"Iandike. Kuna mzazi mwingine huko anapanua gauni na kucheka. Gazeti linatoka lini?"

"Jumamosi."

Anahesabu siku kwa vidole.

"Basi nitamwambia mke wangu Ijumaa jioni, kabla hajauliza macho yake yalikuwa wapi. Akinifukuza nyumbani nitalala kwenye benchi la nje ya wodi. Asubuhi zamu ni yangu."