Niliomba Tawi Moja, Mti Mzima wa Mama Mkwe Ukaenda

Admin, naomba ufiche jina langu kabisa, maana mume wangu naye anafuata hii page. Mimi ni mama wa miaka thelathini na nne, nina watoto wawili. Kwetu ni upande wa Kakamega lakini nimeolewa hapa Eldoret, na tunaishi Kapsoya pamoja na mama mkwe. Mama huyu ananipenda. Nasema hivyo mapema ili mkinitukana mjue vizuri nimemkosea nani.

Nyuma ya nyumba kuna mti wa avokado ambao mama mkwe aliupanda mwaka waliponunua ploti hii na marehemu mzee. Unazaa mpaka majirani wanakuja na ndoo. Shida yangu ilikuwa tawi moja kubwa lililozibia jua mboga zangu, sukuma wiki na managu, zikawa nyembamba, za manjano, aibu tupu. Nilimwomba mume wangu alikate, akasema mti wa mama hauguswi. Nikaitikia kwa mdomo tu.

Wiki mbili zilizopita wakaja watu wa kukata matawi yaliyo karibu na nyaya za stima. Mume alikuwa kazini, mama mkwe alikuwa ameenda Cheptiret kwa binti yake. Msimamizi wao, mwanaume wa makamo, aliposikia ninavyoongea alicheka akanisalimia kwa lugha ya kwetu, "Mulembe, dada. Kumbe wewe ni wa kwetu." Niliwapikia chai, nikawapa na mandazi. Kisha nikamwonyesha lile tawi.

"Dada, hiyo iko mbali na waya. Sisi hatujatumwa hiyo."

"Nisaidie tu. Si msumeno uko hapo tayari?"

Alisitasita, halafu akasema atanikatia kwa sababu mimi ni dada wa kwao. Nikaingia jikoni kusonga ugali wa watoto. Nilipotoka, nilishika kichwa. Upande wa nyaya walikuwa wamekata mpaka ndani kabisa, kupita kiasi. Tawi langu nalo lilipoondoka mti ukaanza kuegemea nyumba, wakaona ni hatari, wakaushusha kichwa chote. Kilichobaki ni shina na vipande viwili vya matawi bila hata jani. Avokado changa zilikuwa zimetapakaa chini. Msimamizi aliniambia pole, eti utachipuka.

Mama mkwe aliporudi alienda moja kwa moja pale, akapapasa mahali palipokatwa, akaingia ndani na hakula. Mume wangu akauliza, "Ni nani aliwaambia wakate hivi?" Hapo ndipo nilipojimaliza. Nilisema sijui, nilikuwa jikoni.

Kesho yake mume wangu alipeleka picha ofisini kwao mjini, na yule msimamizi akasimamishwa kazi. Jumapili tukitoka kanisani tulimkuta kwa geti letu. Hakuja na ugomvi. "Dada, waambie tu vile tuliongea. Mimi niko na watoto wanne." Mume wangu alikuwa amesimama nyuma yangu. Nikamjibu, "Baba, mimi sikukuambia kitu." Aliniangalia kidogo, akasema, "Sawa, mama," akaondoka. Mume wangu akatikisa kichwa. "Na vile ni mtu wa kwenu. Angalau angekuonea huruma asikusingizie."

Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi, na yangu inaishia Alhamisi. Tumeitwa ofisini, mimi, mume wangu na mama, nieleze nilichoona kisha niweke sahihi. Nikiweka sahihi, yule baba amefukuzwa kazi kwa wema alionifanyia. Nikisema ukweli, mume wangu atajua kwamba niliutoa mti wa mama yake kwa ajili ya mboga, halafu nikamdanganya mama machoni wiki mbili nzima. Mume wangu si mtu wa kupiga, lakini akikosa kukuamini, ndiyo basi.

Leo asubuhi mama mkwe amenipigia pasi nguo yake nzuri ya kanisani, amenipa niivae siku hiyo. "Mimi nikianza kuongea nitalia tu," ameniambia. "Wewe ndiye utaniongelea, binti yangu."

Nguo iko hapa kitandani, nimeshindwa hata kuijaribu. Ndugu zangu, nitukaneni, mkimaliza mnishauri: nikikalishwa mbele ya huyu mama Alhamisi, nifungue mdomo niseme nini?