Programu Iliyomaliza Mapema

"Yule mama wa chumba cha mwisho anafungua simu za watu," aliniambia jirani yangu mshona nguo, pini zikiwa mdomoni. "Nimechungulia mwenyewe. Kioo kizima cha kompyuta yake kimejaa namba. Wewe endelea tu kumpelekea mtoto, siku moja utakuta mambo yako yote hadharani."

Niliendelea kumpelekea. Mwanangu wa miezi saba mchana halali popote ila kwenye mkeka wa huyo mama, tunayemwita Mwalimu kwa kuwa alifundisha hesabu mpaka akastaafu. Mlio wa vidole vyake kwenye kompyuta unambembeleza kuliko nyimbo zangu zote. Basi mimi hukaa pale, nakunja nepi, naangalia.

Siku hiyo nikamuuliza waziwazi. Akacheka mpaka miwani ikamshuka.

"Sifungui, mwanangu. Natengeneza kufuli."

Akachora pembezoni mwa gazeti mstari uliopinda, akaweka nukta juu yake. Kuna kanuni, alisema, ya kuruka kutoka nukta hiyo hadi nyingine ya mstari uleule, kisha nyingine tena. Idadi ya miruko ndiyo siri yako. Watu wataona ulipoanzia na ulipotua, lakini kompyuta zote za dunia zikihesabu maisha yako yote hazitajua umeruka mara ngapi.

"Na programu ya hiyo kufuli umeificha wapi?"

"Sijaificha. Iko mtandaoni, asome anayetaka, atumie bure."

"Hata mwizi?"

"Hata mwizi. Cha kufichwa ni namba yako tu."

Akanitajia wanaoitumia: hospitali zinazotumiana majibu ya vipimo, watengenezaji wa simu. Nikakumbuka ujumbe niliomwandikia mama yangu mtoto alipokuwa na homa. Pengine ulilindwa na kazi ya huyu mama, mwenye kandambili zilizoshonwa kwa uzi.

Lakini kufuli hiyo, akaniambia, ilikuwa na ufa.

Miezi mitatu nyuma, mtu wa mbali asiyemjua alisoma programu yake akakuta kosa. Namba ya siri ikianza na sifuri, programu inazipita bila kuzihesabu, inamaliza mapema kidogo. Anayepima muda, mara maelfu, anaanza kuiotea namba.

"Muda tu unaweza kusema siri?"

"Wewe ukitoka bafuni upesi, nani amekuona? Lakini uani wote wanajua mgongo hukuusugua."

Nikaziba mdomo nisimwamshe mtoto.

Yule mtu alimpa siku tisini arekebishe kabla hajatangaza. Zinaisha kesho. Mwalimu ameandika upya: sasa programu inapiga hatua zilezile kila mara, na pasipo na kazi inajifanya inafanya.

"Kama mume wangu," nikasema.

Safari hii yeye ndiye aliyeziba mdomo. Kisha akaniambia linalomsumbua. Wiki tano nyuma alikuwa amegundua jambo: majibu aliyokuwa akilinganisha na ya programu mpya yalitoka kwenye programu yake ileile ya zamani. Kama ilikosea hesabu, ya sasa inakosea vilevile, nayo kompyuta inasema sawa, sawa. Akiitoa hivyo, kufuli za watu wote zinaweza kuharibika pamoja.

Akavuta daftari kutoka chini ya mto. Kurasa kwa kurasa za namba kwa kalamu ya risasi, jibu moja lina tarakimu sabini na zaidi. Alizikokotoa kwa mkono, wiki tano, bila mashine. Mimi niliyeishia darasa la saba nililishika daftari lile kama ninavyomshika mtoto wa siku moja.

"Nimezitazama mpaka sijiamini," akasema. "Macho yangu yanataka ziwe sahihi. Yako hayataki kitu."

Akasogeza kiti chake, akanigeuzia kioo chenye majibu ya programu mpya.

"Mimi nitasoma daftari, tarakimu mojamoja. Wewe fuata kwa kidole hapo. Ukiona hata moja imetofautiana, nisimamishe. Usinionee huruma, mwanangu."