Neno Soon na Kanzu ya Mkono Mmoja

Siku niliyoposwa naikumbuka kwa mlio wa simu, mwanangu, kuliko kwa vigelegele. Tulikaa mtaa wa Kimisagara, chini bondeni, na mimi nilikuwa msichana wa haya nyingi, wa kujibu kwa kichwa. Wazee wetu walikuwa sebuleni tangu adhuhuri, wakiwangoja watu wa baba yako watoke Niboye, upande wa pili wa mji. Sambusa zilikuwa zimefunikwa kitambaa. Kila gari lililosikika barabarani lilinisimamisha, kisha likapita, nami nikakaa tena.

Alasiri ikaadhiniwa, hakuna mtu. Nikamwandikia baba yako ujumbe, akajibu kwa neno moja la Kiingereza: soon. Nyumba nzima ni mimi tu niliyekuwa na Kiingereza kidogo, cha shule ya msingi, basi wote wakanigeukia. Nikasema maana yake ni hivi karibuni. Mjomba akauliza, karibuni ya lini? Nikaandika tena, ikarudi soon ileile. Ya tatu sikuthubutu kuisoma kwa sauti. Mjomba alikuwa anazungusha funguo zake kidoleni, na baba yangu, babu yako, alikuwa anautazama mlango kama mtu aliyekwisha kuamua. Mwishowe akasema, taratibu tu, kwamba watu wanaotuchezea leo hawawezi kumtunza binti yetu kesho. Magharibi ikifika, kila mtu aende kwake.

Nikakimbilia uani kwa bibi yangu, aliyekuwa anaosha vikombe ambavyo vilikuwa safi tayari. Nikamwambia kijana amesema anakuja.

"Amekutajia wakati," bibi akasema. "Wakati kila mtu anaweza kuutaja. Mpigie, muulize anaona nini."

"Anaona nini vipi, bibi?"

"Mbele ya macho yake. Akiona daraja la kuja huku bondeni, tutajua. Akiona godoro lake, tutajua pia."

Nikapiga. Baba yako akaanza na lile neno lake, nikamkatiza, mimi niliyekuwa nashindwa hata kumfukuza paka. "Hapo ulipo unaona nini?"

Akasema polepole: "Namwona fundi. Na naiona kanzu ya baba mkubwa. Ina mkono mmoja."

Huyo baba mkubwa ndiye alikuwa msemaji wao. Fundi aliwaahidi kanzu asubuhi, na sasa wote walikuwa wamejipanga kwenye benchi la dukani, wameshindwa kutuambia kwa aibu. Nikaingia sebuleni, nikayasema hayo mbele ya wazee, kwa sauti yangu mwenyewe. Mjomba akacheka wa kwanza.

"Mwambie aje na huo mmoja," akasema. "Hatumleti hapa kupiga makofi."

Babu yako hakucheka, lakini aliagiza sambusa zipashwe moto. Walifika adhana ya magharibi ikilia, baba mkubwa amejitanda shuka begani kufunika ule upande.

Miaka ikapita. Mwalimu mmoja aliyekulia Uganda, mpangaji wetu, akanieleza kwamba zamani sana huko Uingereza neno hilo, soon, lilimaanisha papo hapo, bila kungoja. Watu wakawa wanalisema huku bado wamekaa, kizazi baada ya kizazi, mpaka likalegea, likawa baadaye kidogo. Nilicheka, maana "sasa hivi" yetu naiona iko njiani kwenda kulekule.

Nakusikia, mwanangu, uko kitandani umejifunika, na mtu kwenye simu unamwambia soon. Neno lenyewe si baya. Daktari akimwambia mgonjwa atapona soon, anasema kweli, kwa sababu yeye mwenyewe haijui hiyo siku. Wewe unajua ulipo. Basi sema ulipo, hata kama ni pa aibu. Anayekungoja ataisamehe kanzu ya mkono mmoja. Kinachomtoa kwenye kiti chake ni kutojua.

Mungu akujalie watu wa kukungoja, na akupe ulimi wa kuwaambia unachokiona. Na kila uendako, akufikishe wakati chakula bado kina moto.