Mtutu wa Inchi Nane na Karanga za Bwana Purvis

Saa moja kasorobo asubuhi, Verlene Akins ameketi kwenye kiti cha jikoni katikati ya duka la bunduki, anaendesha gari ambalo halipo.

Mkono mmoja umeshika usukani wa hewa. Kushoto kwake amesimama Harlon Teague, mzee aliyestaafu udereva wa magogo, na mifagio miwili, mmoja kila mkono. Leo mzee Harlon ni mlango wa gari.

"Simama wima," Verlene anamwambia. "Mlango wangu haupigi miayo."

"Mlango wako haujanywa kahawa, bibie."

Verlene ana miaka sitini na mmoja. Miaka ishirini alipika katika shule ya kaunti, na tangu aache masufuria anaua nguruwe pori kwenye mashamba ya karanga, huku kusini mwa Georgia. Wakulima humlipa kwa msimu. Wanaume wa huku huifanya kazi hiyo bure, kwa raha zao, kisha wakapiga picha. Yeye hapigi picha. Akimaliza huosha buti, akaenda shamba la pili.

Karanga zinapandwa Jumatatu, na leo ni Jumamosi. Ndiyo maana hatulii. Anakaa, anainuka, anachungulia dirishani. Kila trekta ikipita barabarani anashtuka kama mtu aliyeacha sufuria motoni.

Aliyekaa tu mjini hawezi kujua nguruwe anavyozitafuta mbegu za karanga. Hafukui ovyo. Anaushika mstari mwanzo wake, pua chini, anakula mbegu moja baada ya nyingine mpaka mwisho, kisha anageuka na kuanza mstari wa pili. Kundi moja likipata siku mbili, mkulima anapanda upya.

Mwaka jana ilitokea kwa Bwana Purvis. Ekari arobaini zililiwa, na Verlene alikuwepo, ndani ya gari lake dogo la shambani, bunduki mkononi.

"Nilikuwepo, ndiyo," anasema. "Nilikuwa napigana na mlango."

Bega lake la kushoto lilikuwa limetoka kupasuliwa. Bunduki yake ilikuwa na mtutu wa inchi kumi na sita, na mbele yake kizuia sauti cha inchi sita. Kuitoa dirishani kulikuwa kama kupitisha ngazi kwenye mlango wa choo. Alipofanikiwa, nguruwe walishaingia msituni.

Bwana Purvis hakufoka. Alivua kofia, akaitazama, akasema, "Verlene, ikitokea tena nitawaita wale vijana wenye ndege zao za kuchezea." Shamba la Purvis ndilo kubwa kuliko yote anayolinda. Purvis akimwacha, wengine watamwacha kabla Jumapili haijaisha, maana wanasali kanisa moja.

Basi akaamua kufupisha mtutu. Bunduki yake ni ya nusu mbili zinazoshikwa na pini mbili. Nusu ya chini ina kitako na kifyatulio, na hiyo ndiyo sheria inaiita bunduki. Nusu ya juu ina mtutu, nayo hubadilishwa kama mtu anavyobadilisha kofia. Ila mtutu wa bunduki ya begani ukiwa chini ya inchi kumi na sita unataka kibali cha serikali kuu. Verlene aliomba wakati wa baridi, na kibali kilifika Alhamisi. Jina lake na la mji wake yameshachongwa kwenye chuma cha nusu ya chini, kama sheria inavyotaka.

"Mume wangu hakuwahi kuchonga jina langu hata kwenye mti," anasema.

Juu ya kaunta, fundi Dub Tillman, mwenye duka, amempangia nusu tatu za juu: ya inchi kumi na mbili na nusu, ya kumi na nusu, na ya saba na nusu. Verlene anajaribu ya kwanza. Anainua kutoka kulia, anavusha juu ya usukani, anapitisha katikati ya mifagio. Inapita bila kugusa.

"Nifungie hiyo," anasema. "Nina kazi."

Dub anatafuta karatasi. Ni mzee Harlon anayekohoa.

"Bibie, hiyo utaipiga bila kizuia sauti?"

Verlene alipima gari lake kwa futi ya mshonaji, mlango, usukani na kiti, akaandika kila kitu nyuma ya bahasha. Kizuia sauti kilikuwa kabatini. Hakukipima.

"We mzee," anasema taratibu, "mlango tangu lini ukasema?"

Kukiacha hawezi. Sikio lake la kushoto limeshahama, na la kulia limebaki kwa kubembelezwa. Wanakitoa garini, wanakifunga. Mtutu wa kumi na mbili na nusu unaangusha ufagio. Wa kumi na nusu unakwaruza. Wa saba na nusu unapita kama siagi.

"Huo," anasema Verlene.

"Huo sikuuzii," anasema Dub.

"Dub Tillman, nimekulisha maharage ya shule miaka mitano!"

"Ndiyo maana sikuuzii, dada. Risasi yako ni ndogo, inategemea mbio, na mbio inazipata ndani ya mtutu. Hapo itatoka na moto mwingi na nguvu kidogo. Nguruwe atakushukuru kwa kumwamsha."

Verlene anatoka nje. Anazunguka gari lake mara mbili, ananunua karanga za kuchemsha kwa mama wa ng'ambo ya barabara, anarudi na mfuko haujafunguliwa.

"Basi nipe kitu kingine. Unacho. Nakujua ukificha kitu, shingo inakuwa nyekundu."

Dub anainama. Chini ya kaunta kuna nusu ya nne, ya inchi nane, inayokula risasi nyingine, nene na nzito, iliyobuniwa kwa mitutu mifupi. Wanaifungia kizuia sauti. Inapita kati ya mifagio na nafasi inabaki.

"Na hii ulikuwa unamwekea nani?"

Dub hacheki. Anaweka risasi mbili kaunta, ya zamani na mpya. Zinaingia magazini moja, kile kisanduku cha risasi kinachochomekwa kwenye bunduki. Mtu akikosea, akaitia ile nene kwenye mtutu wa zamani, inaweza kukwama humo na kupasua bunduki usoni pake. Ilimtokea mteja wake mmoja. Vidole vyake vyote bado anavyo, ila viwili havikunji.

"Wewe unajaza magazini garini, alfajiri, bila miwani," anasema Dub. "Naijua tabia yako. Ukitaka hii, ile ya zamani na risasi zake zote haviingii tena kwako. Vyote, dada."

Hapo Verlene anakaa, na safari hii hainuki.

Mtutu wa zamani umeua nguruwe elfu moja na mia moja na kitu. Anajua unavyopiga kwenye ukungu na unavyopiga kukiwa na joto. Anaweza kumwangusha nguruwe hatua mia mbili na hamsini, ng'ambo ya shamba, kahawa haijapoa. Huu mpya hajaupiga hata mara moja, na keshokutwa mbegu zinaingia ardhini. Ukimshinda, hana wa akiba.

Trekta nyingine inapita. Ni ya Purvis, imekokota mashine ya kupandia, inapelekwa shambani.

Verlene anaitazama mpaka inapotea. Kisha anakwenda garini, anarudi na nusu ya zamani mikononi, anailaza kaunta. Anaendesha maili nane hadi nyumbani, anarudi na boksi nne za risasi, na risasi nyingine saba zilizokuwa zimezagaa kwenye droo ya vijiko.

"Saba tu?" anauliza Dub.

"Nimekung'uta hata mikoba ya kanisani. Funga hiyo kitu."

Saa nne wako nyuma ya duka, kwenye tuta la udongo. Hatua hamsini, risasi tatu, matundu matatu ambayo kikombe kimoja kinayafunika. Hatua mia, bado vizuri. Hatua mia mbili, vumbi linaruka chini kabisa ya shabaha. Anajaribu tena, vumbi linaruka pale pale.

"Ni nzito, inashuka mapema," anasema Dub. "Ukivuka mia na hamsini, usipige."

Mzee Harlon anaona uso wa Verlene. "Umeudhika, bibie?"

"Nafikiria."

Anachofikiria ni upepo. Jumatatu hataegesha pembeni ya lami kama zamani. Ataingia ndani kabisa, kwenye kona ya msitu wanakotokea, azime injini kabla hakujapambazuka, upepo ukimpiga usoni wasimnuse. Atakaa hapo asubuhi zote mpaka karanga zichipue, maana zikishachipua hatari kubwa imepita. Mtu asiyeweza kumaliza ibada nzima bila kutoka nje mara mbili itabidi akae bila kutikisika.

"Miaka yote huwa nawapiga kutoka ng'ambo, hatujuani," anasema, akifuta mtutu uliobaki na joto. "Mwaka huu nitawasogelea mpaka nisikie wanavyotafuna. Na wakitafuna, watafune mizizi. Mbegu za Purvis hawagusi hata moja."