Rejista ya Kivuli

Kazi yangu ilikuwa kuhesabu miti. Ukimwambia mtu wa kwetu Muheza kwamba kuna mahali unalipwa kwa kuhesabu miti, atacheka mpaka ashike ukuta. Lakini Dubai mti usio na namba hauna maji, na mti usio na maji hauvuki kiangazi. Hiyo ndiyo siasa yote ya miti ya mjini, nimekwisha kuieleza, na mwenye digrii yake akitaka kubisha aje tubishane.

Ulikuwa mpango wa emirate nzima, na kampuni yetu ilipewa kipande cha Ras Al Khor, kule kwenye magodauni na gereji za vipuri. Tulikwenda wawili wawili. Madam, mhandisi wa miti, mwanamke wa Kisudani asiyependa maneno mengi, alishika tableti. Mimi nilibeba futi, vibati vya namba na kopo la rangi nyekundu ya kupuliza. Nazungusha futi kwenye shina, naita kipimo, yeye anaandika. Mti mzima unapewa kibati, na kibati ndicho kinachouingiza kwenye bajeti ya maji ya mwaka unaofuata. Mti mgonjwa unapuliziwa duara jekundu, na duara jekundu maana yake msumeno.

Sasa niseme kosa langu mapema, maana sipendi hadithi za kuzungukazunguka.

Nyuma ya godauni moja la matairi ilikuwepo safu ya miarobaini kumi na mmoja. Wa mwisho ulisimama langoni kabisa, na chini yake alikaa mlinzi, dada wa Kikenya kutoka Kakamega. Kampuni yake ilimpa kibanda chenye kiyoyozi, lakini tangu nimjue kiyoyozi kile kilikuwa kinapuliza joto. Kwa hiyo alitoa kiti chake cha plastiki, akaketi chini ya mwarobaini kuanzia asubuhi mpaka zamu iishe. Kivuli kile ndicho kilichokuwa ofisi yake. Madereva wa malori na mafundi wa matairi nao walikuja hapo kula na kunyoosha mgongo, na yeye akawaacha, ilimradi wasitupe mifupa.

Majira ya baridi yaliyotangulia, kabla sijawekwa kwenye kundi la kuhesabu, nikiwa bado nafanya usafi barabara ileile, mwili uliniwasha sana. Zahanati walinipa krimu, nikapaka wiki mbili, nikaendelea kujikuna. Nikasema, mimi mtoto wa Tanga nijikune hapa, na mwarobaini upo barabarani? Nikaenda na kisu kwenye ule wa langoni. Nikachukua gome kama bibi alivyonifundisha: kipande upande wa jua linapochomoza, kipande upande wa jua linapotua, kila kimoja ukubwa wa kiganja. Kisha unapaka tope kwenye kidonda ili mti usikauke. Nilifanya kwa adabu zote. Nikachemsha, nikaoga, nikapona.

Ningeishia hapo pasingekuwa na kisa. Lakini chumba chetu cha Al Nahda tulilala watu wanane, na chumba cha watu wanane hakina siri. Mmoja akataka ya tumbo. Mwingine akataka ya malaria, nikamuuliza malaria ya wapi, akasema ya tahadhari. Akaja na rafiki yake Mganda wa ghorofa ya juu. Kila mtu alitaka gome lake la mawio na lake la machweo, na mimi ndiye niliyekuwa najua mti na nina kisu. Dada mlinzi aliangalia barabarani nikikata. Naye hakuwa malaika, alichukua majani ya kujifukizia kifua, na siku mbili tatu aliomba na gome.

"Hii mti yenu ni hospitali," aliniambia.

"Huu mti, dada. Huu."

"Si umeelewa? Basi kata."

Na kila nikikata, napaka tope. Viganja vile viwili vikawa kama madirisha, madirisha yakawa kama milango. Yalibaki magome mawili membamba tu, moja kaskazini na moja kusini, yakiunganisha juu na chini.

Siku tuliyofika kuihesabu safu ile, madam alisimama mbele ya mti wetu muda mrefu kuliko kawaida. Aliona tope limepanda kwenye shina pande zote mbili na matawi yaliyopungua majani. Akapiga picha.

"Mchwa," alisema.

Kwa mtu wa miti, tope kwenye shina ni mchwa, angefikiria nini kingine? Na mchwa hawakai kwenye mti mmoja. Aliitazama safu yote, akaandika kwamba miti yote kumi na mmoja itolewe na mizizi yake kabla ya joto, udongo utiwe dawa, halafu bajeti ikiruhusu ipandwe mitende.

"Yalla, rangi," akaniambia.

Nikapuliza. Kumi na moja. Siku ya kwanza kazini tulikuwa tumeonywa kwamba anayejeruhi mti wa mji bila kibali anatozwa faini, na pengine anarudishwa kwao. Nina watoto wawili shuleni. Mdomo ukajifunga wenyewe.

Dada mlinzi alikuwa amesimama kwenye kiti anatutazama. "Mbongo, kwani hii rangi ni ya nini?"

"Ya hesabu tu, dada."

Akafurahi. Akapangusa kiti chake, akaketi.

Ukweli aliupata kwa dereva mmoja wa lori aliyeona duara kama hilo kwao, na kesho yake mti ukaondoka. Hakunipigia kelele. Aliniambia tu kwamba amesikia kutakuwa na kikao cha maoni kabla orodha haijatiwa saini, na kwamba yeye hawezi kuacha lango, kwa hiyo mimi nimpelekee barua. Nikamwambia barua zinakwenda nyingi, na wakubwa wanataka ushahidi. Nilisema hivyo ili akate tamaa, Mungu anisamehe.

Hakukata tamaa. Mlinzi ana silaha moja tu, nayo ni rejista. Alichukua daftari jipya la wageni, lile lenye safu za jina, saa ya kuingia na saa ya kutoka, na wiki nzima akaandikisha kila aliyeingia kivulini. Hakuna aliyekaa bila kuandikwa. Dereva kutoka Peshawar, ameingia saa sita na robo, ametoka saa saba. Fundi matairi, ameingia saa saba, ametoka saa saba na nusu, amerudi. Mwanamke aliyekuwa akisubiri basi na mtoto mchanga. Aliwafanya watie saini kama wanaingia ghala lenye dhahabu. Paka wa godauni naye aliandikwa, sehemu ya saini akaweka mstari.

Akanikabidhi daftari limefungwa kwa mpira wa nywele. "Mimi nikitolewa hapa jua linanimaliza," alisema. "Huko ndani ya kibanda sikai hata dakika kumi. Waambie hivyo."

Kikao kilifanyika kwenye chumba cha mikutano cha ofisi ya mradi, asubuhi. Mimi niliingia kama mbeba ramani. Walikuwepo wenye magodauni kadhaa, madam, na bwana wa bajeti, mtu mpole aliyevaa kandura, kanzu yao ya huko, iliyopigwa pasi vizuri. Walipofika kwenye safu yetu nililitoa daftari. Bwana wa bajeti akalifungua, akasoma ukurasa, akasoma wa pili, akatabasamu alipofika kwa paka.

"Hii ni kazi nzuri," alisema. "Lakini kwenye fomu yetu hakuna safu ya kivuli. Kuna afya ya mti, aina na maji. Na mti wa mchwa siwezi kuutolea maji hata ukinipa madaftari kumi."

Akalifunga. Madam akainama kuandika. Nikaona daftari la watu limelala mezani, majina yote yale na saa zake, yamekuwa bure kwa sababu ya tope langu. Kwetu husema mficha maradhi kifo humuumbua, na humo chumbani maradhi yalikuwa yangu na kifo cha mti.

"Madam," nikasema, "ule si mchwa. Ni mimi."

Bwana wa bajeti akanitazama. "Wewe ndiye mchwa?"

Watu wakacheka. Madam hakucheka.

Tulikwenda naye mtini mchana uleule. Nilikwangua tope kwa ukucha, likadondoka, chini yake ukatokea mti mkavu, msafi, na alama za kisu zimenyooka. Hakuna mdudu hata mmoja. Nikamweleza habari ya mawio na machweo. Alipitisha kidole gumba ukingoni mwa gome, polepole.

"Bibi yako alikwambia uchukue kiasi gani?"

"Kiganja."

Akaomba futi. Akapima kidonda cha mashariki kutoka chini mpaka juu, kikamfika kifuani.

"Hiki ni kiganja cha nani?"

Nikapokea futi, nikaikunja kwa aibu.

Miti kumi ikafutwa duara, ikapewa vibati. Wa kumi na mmoja ukaachwa katikati: msumeno haukuja, lakini na kibati haukupata. Madam alisema utatazamwa tena joto likivunjika, ukionyesha gome jipya utaandikwa. Mpaka hapo hauna namba, na bajeti haina mahali pa kumwagilia mti usio na namba. Mimi sikurudishwa kwetu. Nilipewa onyo la maandishi, nikatolewa kwenye kuhesabu, nikapelekwa kukata nyasi Jumeirah Village Circle. Khalas, yakaisha.

Ilibaki kumwambia dada. Nilimweleza yote nikiwa nimesimama, naye ameketi. Alinisikiliza mpaka mwisho huku akichezea kalamu.

"Kisu tulishika sote," alisema. "Lakini ile siku nilikuuliza rangi ni ya nini. Huo uongo ulishika peke yako."

Wiki mbili hakunisemesha. Ilikuwa haki yake.

Lakini maji aliyatafuta. Ofisi ya godauni ilikuwa na viyoyozi vizima, na nyuma ya ukuta mabomba yake yalidondosha maji mchana kutwa, maji baridi yanayopotea mchangani. Aliweka ndoo. Ikijaa, aliyepo kivulini anaibeba, anamwagia shina, na anaandikwa kwenye rejista: jina, ndoo, saa. Aliyekataa kubeba alionyeshwa jua. Ijumaa, siku yangu ya mapumziko, nilipanda mabasi mawili kutoka Al Nahda nikaja kubeba zangu. Ijumaa ya tatu alinisogezea daftari nitie saini, na hapo nikajua nimesamehewa kiasi.

Katikati ya joto mkataba wake ukaisha, na kampuni yake haikuuongeza. Ilikuwa hivyo tu, karatasi na tiketi. Siku ya mwisho alinipa ndoo na rejista, akasema, "Usiache hii mti." Sikumsahihisha. Ijumaa nilibeba ndoo mwenyewe, siku nyingine walibeba madereva na mafundi.

Joto lilipovunjika madam alinipigia simu. "Njoo Ras Al Khor. Njoo na futi." Nilimkuta ameshafika, amechutama upande wa magharibi. Kando ya kidonda gome jipya lilikuwa limejikunja kama pindo la shuka, upana wa kidole, pande zote mbili. Juu matawi yalikuwa yamerudisha majani. Alipima, akaandika. Safu ya kivuli haikuwepo kwenye tableti, bado haipo. Palikuwa na safu ya maelezo mengine, na humo akaandika maneno mawili tu, kivuli na lango. Kisha akanipa kibati nikifunge mwenyewe kwa waya.

Nikamwandikia dada Kakamega: mti umepata namba.

Jibu likaja upesi. "Usiniambie. Piga picha. Na si ya mti, ya kivuli. Wewe nishakujua."

Ilikuwa karibu saa sita. Kivuli kilikuwa kimefika langoni, kimepita na mahali kiti chake kilipokuwa. Mlinzi mpya, Mnepali, alikuwa ameweka chake palepale, ameegemeza kichwa kwenye shina na kofia imemfunika macho. Nikapiga picha nikatuma kama ilivyo, na yule mtu akiwemo. Nilifikiri ataniuliza ni nani huyo aliyekaa mahali pake.

Nilianza kuona vibaya kwamba nimeituma.

Halafu ujumbe wake ukaingia. "Mwambie asiegemee hapo kwa kidonda."

Nilikwenda nikamgusa bega yule bwana, nikamwonyesha kwa mkono mahali gome linapoota. Hakujua Kiswahili, lakini alielewa. Akanyanyuka, akasogeza kiti upande wa kaskazini, akaketi tena. Nikamwandikia dada kwamba amehama, nikamtumia na picha nyingine ili aamini.